Asilimia 94 ya Nairobi si ya Mombasa

Mgonjwa yuko juu ya meza ya upasuaji jijini Nairobi. Kidole kimebanwa na oksimita, kile kidude chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni ya damu, na hajapewa dawa yoyote bado. Skrini inasema asilimia 94. Nesi anaitazama, daktari wa nusukaputi (usingizi wa upasuaji) anaitazama, kisha mmoja wao anasema, "Mwekee oksijeni." Barakoa inawekwa, namba inapanda hadi 99, kazi inaendelea. Katika nusu dakika hiyo zimepotea habari tatu, wala hakuna aliyeshtuka.

Tafiti nyingi za usalama wa nusukaputi zilizotoka miaka ya karibuni hazihusu dawa mpya. Zinahusu jambo dogo kama hilo: mtu anaisoma namba, anaielewa visivyo, au anaiamini kupita kiasi. Tena nyingi zimefanyiwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari, kwa wagonjwa ambao wengi wao ni weupe. Anayezisomea Nairobi ana kazi ya pili: kuzipima upya kwa hewa ya hapa na kwa ngozi ya hapa.

Hewa ya mita 1,700

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ina oksijeni asilimia 21, sawa kabisa na ya Mombasa. Kinachopungua ni msukumo. Mombasa hewa inasukuma kwa milimita 760 za zebaki; Nairobi ni kama 620. Toa 47 za mvuke wa maji ambao njia ya hewa huongeza kwa kila pumzi, kisha chukua asilimia 21 ya kinachobaki. Mombasa unapata oksijeni ya msukumo wa 150, Nairobi 120. Ni kana kwamba umemkalisha mtu Nyali, Mombasa, na kumpa hewa yenye oksijeni asilimia 17 tu.

Mwenye afya hahisi kitu. Anapumua kwa kina kidogo zaidi bila kujua, na maisha yanaendelea. Lakini kidude cha kidoleni kikimpima akiwa ametulia, kinaweza kuonyesha 94 hadi 97, ambapo mwenzake wa pwani angeonyesha 97 hadi 99. Ukipanda Eldoret, mita 2,100 hivi, namba inashuka tena. Kwa hiyo ile 94 ya kwanza huenda ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe, ya siku zote. Au huenda ilikuwa nimonia iliyojificha. Jibu lingepatikana kwa kumpima akipumua hewa ya kawaida, kuandika namba hiyo kwenye fomu, na kuuliza maswali mawili matatu. Hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyopotea: oksijeni ikishawekwa, namba hiyo hairudi tena mpaka baada ya upasuaji, wakati utakapoihitaji sana kujua kama amerudi alikotoka.

Mwinuko unakula kitu kingine pia, nacho ni akiba. Kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa, tunampa oksijeni tupu ili mapafu yajae na yamtunze katika zile dakika ambazo hapumui na mrija haujaingia kooni. Kanuni ni ile ile kote duniani: barakoa ibane usoni pasipo mwanya, oksijeni lita 10 kwa dakika au zaidi, mgonjwa apumue kawaida kwa dakika 3, au avute pumzi 8 za kina ndani ya dakika moja. Kama mashine inapima oksijeni inayotoka, ngoja ifike asilimia 90. Sasa, asilimia 90 ya Nairobi ina oksijeni kidogo kuliko asilimia 90 ya Mombasa, kwa sababu mapafu ni yale yale lakini msukumo ni mdogo. Ukipiga hesabu, akiba inapungua kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo dakika 3 ziwe dakika 3 kweli, kwa saa ya ukutani. Inua kichwa cha meza nyuzi 20 hadi 25. Acha kijibomba cha oksijeni puani wakati unatafuta njia ya mrija. Ndevu nyingi huvujisha hewa. Shika barakoa kwa mikono miwili.

Mama mjamzito anapunguziwa mara mbili. Mimba inasukuma mapafu juu, akiba inashuka kwa kama asilimia 20, huku mwili wake na wa mtoto ukitumia oksijeni zaidi. Ongeza na mwinuko, na unaona kwa nini sindano ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza kwa upasuaji wa kujifungua kama hakuna kizuizi. Uchambuzi uliotoka mwaka 2016 katika Lancet Global Health, uliokusanya tafiti za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, uliona kwamba uwezekano wa mama kufa chini ya nusukaputi kamili ni zaidi ya mara tatu kuliko chini ya ganzi ya mgongo. Baadhi ya tofauti hiyo inatokana na akina mama walio mahututi kulazwa kikamilifu kwa kuwa hawana njia nyingine. Si yote.

Kuna mtego mwingine wa mwinuko ambao mgeni aliyesomea pwani au ng'ambo huuingia mchana kweupe. Vaporaiza ya kawaida, chombo kinachogeuza dawa ya usingizi iitwayo sevoflureni kuwa mvuke, ikiwekwa kwenye 2, hapa Nairobi hutoa kama 2.4 kwa hesabu ya asilimia, kwa sababu mvuke wa dawa hutegemea joto, sio msukumo wa hewa ya nje. Kifaa kinachopima gesi kinaonyesha hiyo 2.4. Mgeni anadhani vaporaiza inamwaga dawa kupita kiasi, anaishusha hadi skrini isome 2. Kumbe ubongo hauhesabu asilimia, unahesabu msukumo: 2 ya baharini ni milimita 15 za zebaki, na 2.4 ya Nairobi ni hizo hizo 15. Ile 2 aliyoilazimisha ni 12 tu. Amempunguzia mgonjwa moja ya tano ya usingizi. Vaporaiza ya desflureni, ile inayotumia umeme na kupasha dawa moto, inakwenda kinyume: inatoa asilimia ile ile popote ilipo, kwa hiyo 6 ya Mombasa inabidi iwe zaidi ya 7 hapa. Mashine nyingine husahihisha kipimo chao cha usingizi kwa mwinuko, nyingine hazifanyi hivyo. Fungua kitabu cha mashine yako ujue ni ipi.

Hili si suala la ufundi mtupu. Mwaka 2014 uchunguzi mkubwa wa tano wa chuo cha madaktari wa nusukaputi cha Uingereza ulikadiria kwamba mgonjwa mmoja katika kila 19,000 anayelazwa kikamilifu hutoa taarifa ya kuwa macho katikati ya upasuaji. Waliopewa dawa ya kulegeza misuli walikuwa mmoja katika 8,000. Kwa upasuaji wa kujifungua chini ya nusukaputi kamili, mmoja katika 670. Huyo mama hawezi kusogeza hata kope.

Taa nyekundu na ngozi nyeusi

Habari ya pili iliyopotea inahusu kidude chenyewe. Oksimita hupitisha aina mbili za mwanga kidoleni, mwekundu na ule usioonekana kwa jicho, kisha hulinganisha ni kiasi gani damu imeumeza. Melanini nayo humeza mwanga. Tangu mwaka 1990 kuna tafiti zilizoonyesha kwamba kwa watu weusi kifaa hiki huelekea kusifia kuliko ukweli. Habari hiyo ilikaa kwenye majarida hadi janga la korona.

Desemba 2020, madaktari wa Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine ulinganisho wa oksimita na damu iliyotolewa kwenye mshipa wa ateri. Walichukua vipimo ambavyo kidole kilisema 92 hadi 96, wakaangalia damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo damu ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, asilimia 3.6. Kidole kilisema salama, damu ikasema hatari, na tofauti ilikuwa karibu mara tatu. Mwongozo wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, wa mwaka 2013 uliridhika na majaribio ya watu 10, ambao wawili tu walitakiwa kuwa na ngozi nyeusi. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu inayopendekeza watu 150 au zaidi, wa rangi zote za ngozi. Oksimita zilizomo wodini leo zilitengenezwa chini ya mwongozo wa zamani.

Sasa rudi kwenye 94 yetu. Mwinuko unasema usishtuke, ngozi inasema shtuka. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi kuamua. Kinachosaidia ni mwendo wa namba: 96 ya asubuhi iliyogeuka 92 saa tisa alasiri ina maana bila kujali rangi wala mwinuko. Tazama pia wimbi la mapigo kwenye skrini. Kama limesinyaa au linarukaruka, namba iliyo kando yake ni ya kubahatisha. Mkono baridi upashe moto. Rangi ya kucha iondolewe walau kidole kimoja. Hina nyekundu kwa kawaida haina shida kubwa, lakini ile nyeusi inayopakwa kwa harusi inaweza kuzima mwanga kabisa; hamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio na usibishane na bibi harusi.

Halafu kumbuka kwamba oksimita hupima jinsi mabehewa yalivyojaa, haijui treni ina mabehewa mangapi. Mgonjwa mwenye himoglobini (ndiyo mabehewa yenyewe) ya 6 na kipimo cha 98 anabeba chini ya nusu ya oksijeni ya mwenye himoglobini 14 na kipimo hicho hicho. Skrini zao zinafanana.

Pumzi inayotoka

Habari ya tatu ndiyo kubwa. Oksijeni ikishawekwa, kidole kinaacha kutuambia kama mtu anapumua. Kinachotuambia ni kabonidioksidi inayotoka, na kifaa chake ni kapnografu.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Francis huko Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo inataja kifaa kimoja cha kumfuatilia mgonjwa: oksimita. Ilikuwa sawa kwa wakati wake, maana thieta nyingi hazikuwa na hata hicho. Ila ilituzoesha kudhani kwamba kidole kikiwa sawa, mtu yuko sawa.

Fikiria mrija umeingia kwenye umio badala ya koo la hewa. Mgonjwa alikuwa amejazwa oksijeni, kwa hiyo kidole kinasema 99 kwa dakika kadhaa huku mapafu hayapati kitu. Kikianza kushuka, kinashuka kwa kuchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya damu, na zaidi kama mkono ni baridi. Katika muda huo watu wanajifariji. Kifua kinainuka. Mrija una ukungu. Stethoskopu inasikia kitu. Ishara zote hizi tatu zimewahi kuwepo mrija ukiwa tumboni, na uchunguzi wa nne wa chuo kile cha Uingereza, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kutotumia kapnografu, au kutoisoma ipasavyo, kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Mwaka 2022 jopo la kimataifa lilitoa mwongozo unaoeleza ni wimbi lipi la kuaminiwa. Wimbi lazima lipande mgonjwa akitoa pumzi na lishuke akiingiza. Urefu wake ubaki pale pale au uongezeke. Kilele kiwe juu ya mstari wa chini kwa zaidi ya milimita 7.5 za zebaki. Na hayo yote yaonekane kwa pumzi zisizopungua 7. Kwa nini 7? Kwa sababu tumbo lililopulizwa kwa barakoa, au lenye soda, linaweza kutoa mawimbi machache yanayofifia moja baada ya jingine. Mtu anayetosheka na mawimbi mawili anaweza kudanganywa na chupa ya soda. Na kwa wenye mashine zinazosoma kwa asilimia: zile 7.5 ni asilimia 1 baharini, lakini Nairobi ni 1.2, na kabonidioksidi ya kawaida ya 40, inayosomeka 5.3 Mombasa, hapa ni 6.5 hivi. Geuza mashine isome kwa milimita za zebaki uepuke hesabu za usiku wa manane.

Wimbi likikosekana, kauli ya kampeni ya Waingereza inatafsirika vizuri: hakuna wimbi, mrija haupo mahali pake. Toa mrija, rudi kwenye barakoa. Kama unaamini kwa dhati kwamba uko ndani, thibitisha papo hapo kwa kamera ya koo watu wawili wakiona skrini moja, sio kwa kusikiliza kifua mara ya pili. Kisingizio kinachoua zaidi ni "moyo umesimama, ndiyo maana hakuna wimbi." Kifua kikikandamizwa sawasawa na mrija uko mapafuni, wimbi dogo huonekana. Mstari ulionyooka kabisa uhesabu kuwa ni umio mpaka ithibitishwe vingine.

Kifaa nacho hukosea, na ndiyo maana kinapimwa kabla. Pulizia kijibomba chake kwa pumzi yako mwenyewe kabla ya mgonjwa kulala, wimbi lionekane. Makosa ya kila siku ni kijibomba kilichopindwa chini ya mto, tone la maji lililoziba njia, kichujio cha maji kilichojaa, au mashine iliyoachwa katika hali ya kusubiri. Elekeza tundu la kijibomba juu ili maji yasitiririkie ndani. Ukifanya hayo mapema, mstari ulionyooka baada ya kutia mrija hauna tena pa kusingizia.

Hospitali ndogo isiyo na kapnografu inaweza kuweka kile kidude cha kubadili rangi, zambarau kuwa manjano, ambacho huchomekwa kwenye mrija. Si mbadala kamili: kikilowa asidi ya tumbo au adrenalini hubaki manjano daima. Lakini kinashinda ukungu kwenye mrija. Na kwa anayedhani kapnografu ni anasa ya matajiri, kuna Malawi. Mradi ulioripotiwa mwaka 2019 uliweka kapnografu 40 katika hospitali nane zilizokuwa karibu hazina kabisa, na mafunzo yakachukua siku moja. Baada ya miezi sita, watoa nusukaputi waliripoti kugundua mirija 44 iliyoingia kwenye umio.

Wodini, saa nane usiku

Utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25. Walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa nchi tajiri na wenye hatari ndogo, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, asilimia 2.1. Ajabu iko hapa: zaidi ya tisa katika kila kumi ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Thieta iliwavusha, wodi ikawapoteza. Jaribio lililofuata, mwaka 2021, liliwawekea wagonjwa wa hatari uangalizi wa ziada na halikupunguza vifo. Naona hilo halishangazi. Kumsogeza mgonjwa kitanda cha karibu na meza ya nesi hakuongezi manesi, na anayeona mapema bila wa kumwita ameona tu.

Hata hivyo kuna kitu kinachohitaji saa ya mkononi pekee. Mgonjwa amepewa mofini, dawa kali ya maumivu ambayo hupunguza pumzi, na barakoa ya oksijeni ya asilimia 40. Anakoroma polepole, kabonidioksidi yake imepanda hadi 80, mara mbili ya kawaida. Piga hesabu kwa hewa ya Nairobi: oksijeni ndani ya mapafu yake bado ni kama 129, na kidole kitasoma 97 au 98. Ondoa barakoa, kabonidioksidi ikiwa ile ile, na oksijeni inashuka hadi 20, ambayo hakuna anayeishi nayo. Umbali kati ya 98 na kifo ni kamba ya barakoa. Utafiti wa mwaka 2020 uliowafuatilia wagonjwa 1,335 wa wodini waliopewa dawa za jamii ya mofini, katika Marekani, Ulaya na Asia, uliona asilimia 46 wakipata kipindi cha kupumua vibaya mara moja au zaidi.

Kwa hiyo pumzi zihesabiwe, kwa dakika nzima, mkono ukiwa juu ya kifua. Ile 18 inayoandikwa kwa kila mgonjwa wodi nzima ni mazoea ya kalamu. Chini ya 10 kwa mtu mzima aliyepewa mofini, mwamshe kwanza. Asipoamka vizuri, saidia pumzi, ita msaada, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iwe mkononi. Na aliyepewa dawa ya kulegeza misuli asiruhusiwe kutoka thieta kwa sababu tu ameinua kichwa kwa sekunde 5. Misuli ya koo inaweza kuwa bado imelegea. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kipimo cha umeme kwenye kidole gumba, na uwiano wa mshtuko wa nne wa kidole kwa ule wa kwanza ufike 0.9 kabla ya kutoa mrija.

Makabidhiano kati ya thieta na wodi yaandikwe kwa mstari mmoja: oksijeni ya damu akipumua hewa ya kawaida kabla ya upasuaji, oksijeni ya damu sasa, yuko kwa lita ngapi, pumzi ngapi kwa dakika, mofini ya mwisho saa ngapi na miligramu ngapi. Mfano: 95 hewa ya kawaida, 98 kwa lita 4, pumzi 12, mofini miligramu 5, saa mbili na nusu usiku. Saa nane, nesi akikuta 98 kwa lita 4 na pumzi 7, atajua kwamba ile 98 haina habari yoyote.